Siku 42 za Kukaa Nyumbani, na Mzaha Uliozijaza

Udongo mwekundu wa Karatu, ukishanyeshewa mvua za masika, haumheshimu mtu. Mwezi Aprili nilikuwa likizoni kwa mdogo wangu aliyeolewa huko, nje kidogo ya mji, upande wa Rhotia. Alfajiri moja nilitoka kwenda msalani nikiwa na tochi mkononi na kandambili miguuni. Nilirudi ndani nikiwa nimebebwa. Kifundo cha mguu wa kulia kilikuwa kimevunjika. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimepigwa picha, nimefungwa plasta ngumu, ile ambayo vijana huiita hogo, na kukabidhiwa magongo mawili pamoja na karatasi yenye maneno ambayo mimi mwenyewe, katika miaka yangu yote ya kufundisha wauguzi, nimeyatamka mara nisizoweza kuzihesabu: apumzike nyumbani kwa wiki 6, asiukanyagie mguu.

Ni neno hilo la kwanza, apumzike, linalonifanya nishike kalamu. Tunaliandika kana kwamba linajieleza. Dawa tunaieleza: vidonge viwili, mara mbili kwa siku, baada ya chakula. Mapumziko hatuyaelezi. Hatusemi mgonjwa ayafanye nini kati ya asubuhi na jioni, kwa siku 42, akiwa katika nyumba ambayo wenzake wote wamekwenda shambani, shuleni na sokoni.

Siku ya kwanza ni ya maumivu, na maumivu ni kazi. Aliye nayo hachoshwi na kukosa la kufanya. Siku ya tatu ni ya usingizi. Kufikia siku ya tano nilikuwa nimekwisha kuhesabu mbao za dari, nikapata 31. Nilipozihesabu tena nikapata 33, nikatambua kwamba kwa mtu aliyelazwa bila shughuli hata hesabu huugua. Siku ya tisa, nyumba ikiwa tupu, niliyaacha magongo ukutani, nikashika meza, nikakanyaga sakafu kwa mguu uliovunjika ili nikatazame kama ng'ombe amenyweshwa maji. Ng'ombe si wangu, wala sikuwa nimeombwa. Binti mkubwa wa mdogo wangu, mwenye miaka 12, aliingia akitoka shule akanikuta katikati ya sebule nimesimama kama korongo.

“Mama mkubwa,” akasema, “si wewe ndiye unayefundisha watu wasifanye hivyo?”

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Ninachoweza kusema ni kwamba sikutaka kuvunja amri ya daktari. Nilitaka tu lifike jambo lolote.

Wahudumu wenzangu wanaofanya kazi katika Karatu na Ngorongoro wanawajua wagonjwa wa namna hii kuliko mimi. Yupo aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri, ambaye kidonda kimefunga vizuri, naye ameshika jembe kwa sababu mahindi ya jirani yamepaliliwa na yake bado. Yupo wa kifua kikuu ambaye kikohozi kimemwacha mwezi wa pili, na miezi minne ya dawa imebaki mbele yake kama barabara isiyo na duka. Na yupo wa bruselosisi, ugonjwa ambao wafugaji wa nyanda hizi wanaupata kwa maziwa yasiyochemshwa na kwa kuwahudumia mifugo wanaozaa au kutupa mimba. Matibabu yake kwa kawaida ni dawa mbili au zaidi kwa pamoja, nayo yanachukua wiki 6. Homa huondoka mapema zaidi ya hapo. Vijidudu haviondoki nayo. Hujificha ndani ya chembe za mwili, na mgonjwa anayeacha dawa katikati huweza kurudiwa na homa ileile baada ya wiki au miezi.

Katika magonjwa haya yote kuna kipindi ambacho maumivu yamekwisha na tiba haijakwisha. Mgonjwa ndani ya kipindi hicho hatuhitaji sana sisi. Anahitaji kitu cha kufanya, na kwa maoni yangu hapo ndipo tunapompoteza.

Mgonjwa wa namna hiyo alikuwa jirani yetu. Mzee wa Kimasai kutoka upande wa Nainokanoka alikuwa amefikia kwa binti yake, nyumba ya pili kutoka kwetu, ili amalize dawa za bruselosisi karibu na kliniki. Alianza vidonge vyake siku mbili kabla sijaanguka. Tulikuwa, kama alivyosema mwenyewe, wafungwa wa hukumu moja, isipokuwa yeye atatoka kwanza. Aliniita “dakitari”. Nilimsahihisha mara mbili kwamba mimi ni muuguzi, akanijibu kwamba kwa mtu mwenye mguu mmoja cheo chochote kinatosha.

Tangu siku ya tisa yule binti alijipa kazi ya ulinzi, na mlinzi mwema hujua kwamba mfungwa anapaswa kuchangamshwa. Jambo la kwanza tulilobuni lilihusu wageni. Karatu ni mji wa watu wema: Wairaqw, Wamasai, Wachaga, Wanyaturu, Wapare kama mimi, wote wakisikia fulani ameumia, watakuja. Na wote watauliza swali moja: “Ilikuwaje?” Mara ya kwanza nilisimulia ukweli, kandambili na tochi na yote. Mara ya kumi na nne ukweli ulikuwa umechakaa. Binti akashauri kila mgeni apewe sababu mpya, na yeye na mdogo wake wakae nyuma ya pazia kutoa alama. Kabla ya chai mgeni angeambiwa ukweli. Siku ile nilikuwa nimeanguka kutoka juu ya mnazi (hakuna mnazi Karatu, nilipata alama tatu). Siku iliyofuata nilikuwa nimeteleza nikicheza ngoma kwenye harusi yangu mwenyewe ya pili. Alama saba.

Alama kumi nilizipata kwa mbogo. Nilieleza jinsi alivyotokea nyuma ya zizi, nami nikamkwepa kwa kuruka ua. Mgeni wangu, mama wa makamo, akainuka kwa mshtuko, akaondoka kabla ya chai, na kwa hiyo kabla ya ukweli. Msomaji asiyelijua eneo hili aelewe kwamba mashamba ya Karatu yanapakana na msitu wa Ngorongoro, na tembo na mbogo hutoka humo kweli. Siku ya tatu askari wawili wa wanyamapori walifika kwa pikipiki kuuliza mnyama ameelekea wapi.

Niliomba radhi nikiwa nimekaa, kwa kuwa kupiga magoti sikuweza. Mmoja alicheka mpaka akavua kofia. Wa pili hakucheka, naye alikuwa na haki, maana mafuta ya pikipiki hayachekeshi. Tangu hapo sheria ilibadilishwa: wanyama wa porini hawaruhusiwi. Ajali zilizobaki zilisababishwa na kuku na mashemeji tu.

Jambo la pili lilikuwa na faida ambayo hatukuikusudia. Kila mgeni, baada ya kuuliza ilikuwaje, hutaja dawa. Binti alifungua daftari la shule, akaandika juu yake Daftari la Dawa za Wageni, akachora safu tatu: dawa yenyewe, aliyeitaja, na kama yeye mwenyewe aliwahi kuitumia. Kufikia mwisho wa wiki ya sita zilikuwa dawa 63. Supu ya makongoro ilitajwa mara saba, nami niliinywa mara zote saba bila kujitetea. Mmoja aliagiza supu ya pweza, katika mji ambao pweza akionekana itakuwa habari ya gazeti. Mwingine alisema nilale kichwa kikielekea mlima Oldeani. Safu ya tatu ndiyo iliyotuchekesha zaidi, kwa sababu karibu kila mahali ilijazwa neno moja: hapana.

Mzee alipolisikia daftari likisomwa alitaka naye awe na ukurasa wake. Akaanza kutaja, na binti akaandika: magome haya huchemshwa kwenye supu, mizizi ile kwenye maziwa, na unga fulani ambao ndugu yake alimletea wiki iliyopita. Alitaja pia kikombe cha Samunge. Mwaka 2011 alikuwa mmoja wa maelfu waliokwenda Loliondo, katika wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro, kunywa dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi, na watu walilala njiani kwa siku kadhaa. Dawa ilikuwaje? Mzee alitikisa kichwa, hiyo hakuikumbuka. Aliyoikumbuka ni foleni, na mazungumzo ya watu wasiojuana waliokuwa wakingoja pamoja, na mtu mmoja kutoka Mwanza aliyekuwa akiwavunja mbavu usiku kucha. Nilimsikiliza kwa makini. Tunajua kwamba wako waliorudi kutoka safari ile wakaacha dawa za hospitali, na wengine waliumia kwa kufanya hivyo. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba huenda baadhi yao walikuwa wamechoka kuugua peke yao.

Ukurasa wa mzee ulichanwa, binti yake akaupeleka kliniki siku ya dawa. Ilikuwa mara ya kwanza mhudumu kujua kile ambacho mzee alikuwa akinywa pamoja na vidonge, na akamshauri ausimamishe ule unga. Je, hakuwahi kuulizwa? Aliulizwa. Lakini swali lilikuja na uso wa polisi, naye akalijibu kama polisi wanavyojibiwa. Daftari la mzaha lilipata alichokosa mhojaji. Ningependa wanafunzi wangu walikumbuke hilo kila wanapouliza habari za dawa za asili.

Upo mchezo wa tatu, ambao thamani yake ya kitabibu sitaitetea. Dirisha langu lilitazama uani, na uani kulikuwa na kuku kumi na mmoja. Weupe nikawafanya Simba, wenye manjano Yanga, na kila alasiri nikatangaza pambano kwa sauti ya redio. Kuku ni wachezaji wabaya: wanahama timu bila ada ya uhamisho, na kipa wa Simba alitaga yai dakika ya 70. Shemeji yangu, ambaye ni Yanga wa damu, alikuwa akirudi kutoka Mang'ola na magunia ya vitunguu, anasimama mlangoni kimya kusikiliza matokeo. Siku moja alilalamikia refa.

Jioni zilikuwa za vitendawili. Vile vya zamani watoto walivijua vyote, basi tukakubaliana kutunga vipya, na kila kimoja kihusu ugonjwa. “Mpangaji wangu amejifungia katika nyumba nyeupe, watoto wake watano wanachungulia dirishani.” Huo ulikuwa mguu wangu. “Askari wangu wamelala kila mmoja kwenye chumba chake cha fedha, kila asubuhi wawili wanaaga, hawarudi.” Hivyo ni vidonge vya mzee katika karatasi yake. Mdogo mwenye miaka saba alitunga kimoja: “Anakuja na chungwa moja, anakaa mpaka ugali umekwisha.” Alitakiwa kuomba radhi kwa mgeni aliyekuwa amekaa pale, naye akaomba, lakini mgeni mwenyewe ndiye aliyepigiwa makofi kwa kujibu sawasawa.

Haya si mambo mapya katika nchi hizi. Pembeni mwa ziwa Eyasi Wahadzabe wanao mchezo wa kamari wanaouita lukuchuko, wa kurusha vipande vya gome mtini na kutazama vimeangukaje. Wanaume huweza kukaa nao siku nzima, wakishinda na kushindwa mishale. Wamasai wana enkeshui, ndugu wa bao la pwani, na mzee aliwachimbia watoto mashimo yake chini ya mti wa parachichi, kisha akawashinda bila huruma. Siku mvua ilipotuzuia ndani alinieleza habari za orpul. Wengi wa nje huifahamu kama kambi ya morani ya kula nyama. Lakini mgonjwa naye hupelekwa orpul, akachinjiwa, akanyweshwa supu iliyotiwa magome kama ya okiloriti, mbali na zogo la boma. “Wewe unafikiri kinachoponya ni gome,” akasema. “Nenda na gome lako porini peke yako, utaona. Kule kuna watu, na kule hakuna mtu anayeruhusiwa kununa.”

Nami nina mila yangu. Mwenye duka wa jirani ni Mchaga, na sisi Wapare na wao ni watani wa siku nyingi. Alipokuja kunijulia hali hakusema pole. Alisimama mlangoni akauliza: “Umeshafungua kesi dhidi ya matope, au bado mnachanga ng'ombe wa kumlipa wakili?” Nilimwuliza naye chungwa alilonileta limekatiwa risiti au la. Wageni wengine waliokuwamo walishtuka kidogo. Mimi nilihisi, kwa mara ya kwanza tangu nianguke, kwamba bado mimi ni mtu mzima aliyekaa, na si mguu uliolazwa. Pole nilikuwa nimepewa nyingi, na kila moja kwa moyo safi. Lakini pole humweka mgonjwa chini ya aliyemtembelea, na utani humwinua wakawa sawa.

Sayansi inasema nini? Si mengi, na waandishi wengi huikuza. Anayetajwa zaidi ni Norman Cousins, mhariri wa Kimarekani aliyeugua mwaka 1964 maradhi makali ya viungo. Alihama wodini akaenda kukaa hotelini, akatazama filamu za vichekesho, na akaeleza kwamba dakika 10 za kucheka kwa dhati zilimpa saa mbili za usingizi usio na maumivu. Masimulizi yake yalitoka katika jarida la kitabibu mwaka 1976 na kitabu mwaka 1979. Ni mtu mmoja, naye alikuwa akitumia mambo mengine pia. Ushahidi wa mtu mmoja hautoshi. Ulio bora zaidi kidogo ni utafiti wa Robin Dunbar wa Oxford na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011: watu waliocheka pamoja walistahimili maumivu, kwa mfano ya mfuko wa barafu uliofungwa mkononi, kwa muda mrefu kuliko kabla ya kucheka. Waliotazama picha zisizochekesha hawakupata faida hiyo. Watafiti wanadhani kucheka huufanya mwili utoe vitu vyake vyenyewe vya kutuliza maumivu. Kicheko hakiungi mfupa wala hakiui kijidudu, na anayewaambia wagonjwa vinginevyo anauza unga kama ule wa ndugu yake mzee.

Tena, si kila kicheko ni furaha. Nchi yetu ndiyo yenye mfano mashuhuri kuliko yote. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walishikwa na kicheko wasichoweza kukizuia. Kikaenea mpaka kikawapata 95 kati ya 159, pamoja na vilio na mahangaiko, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Waliporudishwa makwao hali hiyo ikaenea vijijini. Madaktari walitafuta sumu na maambukizo wasiyapate. Wengi leo wanayaona mambo yale kuwa ni dhiki ya mioyo iliyotafuta njia ya kutokea. Wasichana wale hawakuwa wakifurahi hata kidogo, na kila ninapoona tukio hilo likisimuliwa kama kichekesho huwa naudhika.

Basi kuna mambo ambayo mhudumu anapaswa kuyasema kabla ya kumruhusu mgonjwa acheke. Aliyepasuliwa tumbo, kwa ngiri au kwa kujifungua, aukumbatie mto au kanga iliyokunjwa juu ya mshono kila anapocheka au kukohoa. Maumivu yatapungua sana. Mwenye pumu akae na dawa yake ya kuvuta karibu, maana kicheko kikali huweza kuamsha shambulio. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu katika majuma ya mwanzo, baraza la vichekesho liwe nje, penye hewa na jua, kwa kuwa anayecheka kwa sauti hurusha matone hewani kama anayeimba au kukohoa. Na mzaha uwe wa mgonjwa. Yeye ndiye atakayeamua ugonjwa wake unachekwa au hauchekwi. Niliwahi kumwona mtu aliyefichua kwa ndugu zake kwamba ana kifua kikuu, na shemeji mmoja, kwa nia ya kuchangamsha, akasogeza kiti chake nyuma na kujiziba pua. Watu walicheka. Mgonjwa hakurudi kliniki mwezi ule.

Linalonisumbua zaidi ni mgonjwa asiyecheka kabisa. Siku ya 16 ya dawa zake, mzee hakuja chini ya mti. Binti yake alisema hana homa, anakula kidogo, hataki mtu. Nilikwenda kwa magongo, safari ya hatua 60 iliyonichukua robo saa. Nilimkuta amekaa gizani, shuka begani, fimbo mkononi, kama mtu anayengoja gari. Alisema ng'ombe wake wanachungwa na watoto wasiojua kitu, kwamba amepona, kwamba kesho anarudi. Sikumwambia neno la utani, lisingefaa. Nilimuuliza kama analala, kama kuna kitu chochote bado kinampendeza, na tangu lini. Muuguzi yeyote anajua kwa nini niliuliza: mtu akikaa wiki mbili bila hamu ya kitu chochote, huenda ni sonona, nayo inatibika lakini haitibiki kwa vichekesho. Kwa bahati kwake ilikuwa siku tatu tu, na chanzo chake alikijua: usiku aliota ng'ombe wanakufa.

Tulizungumza mpaka jua likazama. Aliniuliza kama kweli vijidudu vinabaki mwilini baada ya homa, au ni maneno ya kuwafunga watu. Nilimwambia vinabaki. Akanyamaza. Halafu yule mdogo wa miaka saba, aliyenifuata bila ruhusa, akauliza: “Babu, fisi alitoka shimoni?”

Hapo inabidi nieleze. Moja ya dawa za mzee ilikuwa doksisaiklini. Dawa hii humezwa kwa maji mengi, si kwa maziwa, kwa sababu maziwa huizuia isiingie mwilini vizuri. Na anayeimeza asilale kwa muda usiopungua dakika 30, la sivyo huweza kumchoma koo la chakula. Pia humfanya mtu aungue na jua upesi. Nusu saa hiyo ya kukaa wima asubuhi na jioni ilikuwa imekuwa saa ya hadithi. Mzee alikuwa na fisi mmoja, mjinga, mlafi na mwenye maneno mengi, ambaye matatizo yake hayakuwa na mwisho. Kila dakika 30 zilipokwisha alikuwa amekwama mahali papya. Usiku wa jana yake alikuwa ameachwa ndani ya shimo.

Mzee alimtazama mtoto, kisha mimi. “Leteni maji,” akasema.

Dawa ya pili ilikuwa rifampisini, ambayo huugeuza mkojo kuwa na rangi ya machungwa. Wagonjwa wengi wasioonywa hutishika wakaacha. Yeye alikuwa ameonywa, na aliporudi chini ya mti asubuhi iliyofuata alitangaza kwamba amefungua kiwanda cha soda na anatafuta mbia mwenye mtaji. Mchaga wa dukani alitumwa ujumbe. Kwa habari ya kuchemsha maziwa hakuwa mwepesi hivyo. Maziwa yaliyochemshwa, alisema, ni marehemu. Yanaheshimiwa lakini hayana mazungumzo.

Alimaliza siku ya 42, siku mbili kabla yangu, kama alivyokuwa amejigamba. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka kutoka ukingo wa kreta mpaka barabarani, na gari la kwenda Nainokanoka lilichelewa. Aliwapa watoto mikono mmoja mmoja. Fisi alikuwa amebaki juu ya mti, na chini ya mti kulikuwa na mama mkwe wake. Watoto walilalamika. Mzee alipanda gari bila kumshusha.

Hogo langu lilikatwa siku mbili baadaye. Mguu uliotoka ndani yake ulikuwa mwembamba, mkavu, mwenye aibu. Binti aliuandikia kitendawili ambacho hakifai kuchapwa katika jarida la chuo. Mazoezi ya kukanyaga yalichukua wiki nyingi zaidi ya nilivyotarajia, nami nilirudi kazini nikiwa na daftari lile mkobani. Lakini kabla sijaondoka, jioni moja simu ya shemeji iliita kutoka namba ya mjukuu wa mzee. Watoto waliiweka sauti ya juu, wakaizunguka juu ya meza.

“Babu,” akaanza mkubwa, “maziwa umechemsha?”

“Marehemu yuko jikoni,” sauti ikajibu. “Sasa kaeni. Yule fisi alikuwa wapi?”